Nani Analipia Vilivyopasuka?

Kabla sijaanza, mwenye kikombe cha chai mkononi amalize chai yake, kisha akigeuze atazame kitako. Kama ni cha plastiki, huenda akakuta tarakimu iliyozungushiwa mishale. Kama ni cha kauri, ile nyeupe inayolia ukiigonga kwa ukucha, atakuta muhuri wa kiwanda, au hatakuta kitu. Jina la mtu halimo. Vikombe hivyo vinatufikia hapa Uvira kwa boti kutoka Kigoma au kwa malori yanayovuka mpaka wa Kavimvira, vimefungwa dazeni dazeni, na hakuna mnunuzi anayeuliza ni mkono wa nani uliovishika vilipokuwa bado udongo.

Leo nina habari za mwanamke aliyetengeneza kauri kwa mkono wake mwenyewe, tangu udongo hadi moto, akatia kitakoni herufi zake mbili, A na R. Aliitwa Adelaide Alsop Robineau, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1865 akafariki 1929. Wanaoandika historia ya ufinyanzi humhesabu kati ya mafundi waliojifundisha wenyewe. Sifa hiyo naipenda, ila siimezi nzimanzima. Hapa kwetu tunaigawa kila siku: huyu kajifundisha kuchomelea vyuma, yule kajifundisha kufungua simu, mwingine kajifundisha gitaa. Tunamsifu kijana, tunampigia makofi, tunaondoka. Mimi swali langu ni la mfukoni. Alipokuwa anaharibu, nani alikuwa analipa?

Tuanze na udongo wenyewe, maana kauri si udongo wowote. Msingi wake ni kaolini, udongo mweupe ulio laini kama unga. Msidhani ni kitu cha mbali. Afrika Mashariki tunayo kaolini nyingi: vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam vinajulikana kwa udongo huo, na Uganda wanayo Mutaka, upande wa Bushenyi. Yale mabonge meupe ambayo akina mama wajawazito huyanunua sokoni wakatafuna, ni ya ukoo huohuo. Sasa fundi anauchanganya na mawe mawili yaliyosagwa, felspa na kwatzi, na hapo anakuwa amemaliza kazi iliyo rahisi. Kazi ngumu ni moto. Chungu cha kwetu kinachochomwa uwanjani kwa nyasi, maganda na kuni hupata joto la digrii 600, 700, labda 800. Kauri inadai kama digrii 1,300. Kwenye joto hilo jiwe moja linayeyuka na kuwa kioo, kioo kinashika udongo, na chombo kinatoka kigumu, hakinywi maji, na kikiwa chembamba ukikiinua juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Lakini kabla ya kufika huko kinasinyaa. Kila upande unapungua, na kama ukuta mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, vinavutana hadi kimoja kinapasuka. Fundi hajui mpaka tanuri lipoe. Akilifungua upesi kwa haraka ya kuona, hewa baridi nayo inapasua vilivyokuwa vimepona.

Wachina walikuwa wameijua siri hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Bakuli zao zilifika mwambao wa Waswahili mapema sana, zikabandikwa kwenye nguzo za makaburi kule Kunduchi na kwenye kuta za misikiti, mahali ambapo kila mpita njia angeziona. Ulaya walihangaika kwa karne kadhaa kuiga. Walipofanikiwa kule Ujerumani, katika mji wa Meissen, mwaka 1710 kiwanda kilipofunguliwa, mtu aliyeipata siri hiyo, Johann Friedrich Böttger, alikuwa mateka wa mfalme. Alizuiliwa asije akaiuza kwingine. Kwa hiyo yule mama wa Marekani alipoamua kuifanya kauri peke yake nyumbani kwake, aliingia katika kazi ambayo wafalme waliwafungia watu milango kwa ajili yake.

Alianzaje? Alianza pale walipoanzia wanawake wengi wa tabaka lake: kupaka rangi vyombo vya wengine. Siku hizo sahani nyeupe zisizo na pambo zilitoka viwandani, nyingi kutoka Limoges, Ufaransa, na mabibi wa Marekani walizinunua wakachora maua juu yake. Adelaide alijifunza kuchora hivyo kwa vitabu na kwa kujaribu, akafundisha wenzake apate kula. Mwaka 1899 aliolewa na Samuel Robineau, mtu mwenye asili ya Kifaransa, na mwaka huohuo wakaanzisha gazeti lililoitwa Keramic Studio, la kuwafundisha haohao wachoraji wa sahani. Kwa wengi hapo ndipo hadithi ingeishia: una gazeti, una wanafunzi, una mume, kaa utulie. Yeye akachoka kuchora juu ya sahani asiyojua imefinyangwa na nani. Akataka achimbe chini ya maua, afike kwenye sahani yenyewe.

Na hapa ndipo neno “alijifundisha” linapohitaji kupekuliwa. Kulikuwa na bingwa mmoja Mfaransa, Taxile Doat, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha Sèvres, na aliyekubali kuandika waziwazi namna ya kuchoma kauri kwa moto mkali, jambo ambalo mafundi wengi walilificha. Maandishi yake yakatafsiriwa na kuchapishwa katika gazeti la Robineau. Mama huyo akayasoma akiwa mhariri, akayasoma tena akiwa amepiga magoti mbele ya tanuri. Akaenda pia wiki chache kujifunza kwa mwalimu Charles Binns, kule Alfred, jimbo la New York. Basi walimu alikuwa nao. Alichojifundisha mwenyewe ni kile ambacho kitabu hakina: udongo huu, tanuri hili, mkono wangu mimi. Hicho hakifundishwi na mtu, kinafundishwa na vyombo vilivyoharibika, kimoja baada ya kingine.

Sasa sikilizeni msimamo wake katika kazi, kwa sababu ndio uliomtenga na wengine. Padri mmoja Mfaransa, d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen, mji wa kauri wa China, aliandika barua mwaka 1712 akieleza kwamba chombo kimoja pale hupita katika mikono ya watu 70. Mmoja anakanda, mwingine anazungusha, mwingine anachonga kitako, mwingine anachora mstari wa bluu tu maisha yake yote. Hivyo ndivyo kauri ilivyokuwa ikitengenezwa duniani kote, Sèvres na Meissen pia. Robineau akasema hapana: umbo liwe langu, nakshi iwe yangu, rangi ya kioo inayofunika niichanganye mimi. Sitaki kumsifu kupita kiasi. Watu 70 wa Jingdezhen walilisha familia 70, na vyombo vyao vilifika hadi Kilwa; vya mama huyu ni vichache, na vingi vimo katika jumba la makumbusho la Syracuse, mji aliokuwa akiishi, lililonunua vipande 32 mwaka 1916. Ila kuna kitu ambacho mikono 70 haiwezi kukifanya. Haiwezi kubadilisha mawazo katikati ya kazi.

Chukueni kile chombo chake kinachojulikana zaidi. Mwaka 1910 alikuwa University City, karibu na St. Louis, alikoalikwa na tajiri mmoja wa magazeti, pamoja na Doat mwenyewe. Pale akatengeneza mtungi mrefu wenye kifuniko, wa kuchongwa wote, kwa nakshi ya wadudu wale wanaoviringisha donge la kinyesi. Mnawajua, wako kila mahali penye ng'ombe, hata kwenye bonde la Ruzizi. Wamisri wa kale waliwaheshimu. Robineau akawapanga safu kwa safu, kila mmoja na mzigo wake, na chombo akakipa jina lenye maana ya kutukuzwa kwa mchapakazi.

Ngoja niwaeleze kuchonga huko ni nini. Kauri isiyochomwa, ikishakauka, ni kama chaki ya shuleni. Ukiibana sana inavunjika mkononi. Huwezi kulainisha palipokosewa, kwani ukitia maji panavimba na kupasuka. Fundi anakwangua kwa ncha ya chuma, punje kwa punje, anapuliza vumbi, anakwangua tena. Mtungi ule ulimchukua saa 1,000. Mtu afanyaye kazi saa nane kwa siku, akipumzika Jumapili tu, atamaliza karibu miezi mitano. Kisha ukaingia tanurini. Ulipotoka, ulikuwa na nyufa kitakoni.

Mwingine angeziba, akapaka, akauweka rafuni upande wenye nyufa uelekee ukutani. Yeye akasaga kauri, akaijaza ndani ya nyufa, akapaka upya ule utando wa kioo, kisha, na hapa ndipo kichwa changu kinapouma, akaurudisha motoni. Saa 1,000 zikarudi motoni! Safari hii ukatoka mzima, nyufa hazionekani. Mwaka uliofuata, 1911, kwenye maonyesho makubwa ya Turin, Italia, kazi zake zilipata tuzo ya juu kabisa.

Sawa, tuzo. Lakini turudi mfukoni. Kauri zake hazikumlisha, na fundi wa namna yake hawezi kupiga bei inayolingana na saa alizotumia. Kilicholisha nyumba ni gazeti, yaani senti za wale mabibi wachora maua, na mume ambaye aliacha mambo yake akasimamia hesabu na kukesha kwenye tanuri. Watoto walikuwa watatu. Gazeti lilipotoka na kununuliwa, tanuri lililoharibika wiki ile lilikuwa limelipwa. Hiyo ndiyo siri ambayo sifa ya kujifundisha inaificha: alikuwa na mahali pa kuweka hasara.

Yupo mwingine ambaye hakuwa napo. Bernard Palissy, Mfaransa wa karne ya 16, mchora vioo, alikiona kikombe kimoja cheupe chenye kung'aa akaapa atajua kilivyotengenezwa, ilhali hakuwa hata mfinyanzi. Alijaribu kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe ameeleza, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1580, kwamba siku moja kuni zilimwishia rangi ikiwa karibu kuyeyuka, akatupa motoni meza za nyumbani, kisha mbao za sakafu. Fundi aliyekuwa akimsaidia, Palissy alimlipa kwa kuvua nguo zake mwenyewe akampa. Hadithi hiyo husimuliwa mashuleni huko kwao kama mfano wa uvumilivu. Mimi kila nikiisikia namfikiria mke wake, amesimama pale watoto wakitazama sakafu inaungua. Palissy hakulipa peke yake. Kauri yenyewe hakuipata kamwe. Alichokipata ni vyombo vya udongo vya ajabu vyenye nyoka, samaki na vyura, vikampa jina kwa wakubwa.

Tuje nchini kwetu. Upande wa pili kabisa wa Kongo, karibu na mdomo wa mto kwenye Bahari ya Atlantiki, kulikuwa na mtu aliyeitwa Voania, wa mji wa Muba, katika kabila la Wawoyo, aliyefariki mwaka 1928. Katika watu wake, kufinyanga ni kazi ya wanawake. Yeye, mwanamume, akashika udongo, tena hakutengeneza vyungu vya maji wala vya kupikia. Juu ya chungu alikalisha mtu: mwanamume wa kofia, mwanamke, watu wawili pamoja, wengine wamevaa Kizungu. Umbo lile lilikuwa lake. Na alifanya jambo ambalo wafinyanzi wetu hawakuwa wakilifanya: aliandika jina lake juu ya udongo, Voania Muba, kwa herufi kubwa. Vyombo vyake sasa vimetawanyika kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na kwa sababu ya maandishi yale hakuna anayeweza kusema ni “kazi ya kabila fulani.” Nani alimlipia hasara? Wazungu wafanyabiashara wa pwani ile walionunua. Walitaka kitu cha kupeleka kwao, yeye akakiona hicho wanachokitaka, na soko lile likamwachia nafasi ya kucheza na udongo.

Na hapa kando ya ziwa? Hapa walimu wetu ni akina mama, na katika nchi hizi za Kivu, Burundi na Rwanda, mara nyingi ni akina mama wa Kitwa, watu tunaonunua vyungu vyao kisha tukawasema vibaya kabla chungu hakijafika jikoni. Ufinyanzi katika nchi hizi una umri wa miaka 2,000 na zaidi. Wachimba mambo ya kale wameupata ule wa zamani wanaouita Urewe. Mtazameni mama akifanya kazi. Udongo wa kinamasi anautwanga, anatoa mawe, anachanganya na vigae vilivyosagwa ili usipasuke. Anajenga ukuta kwa pingili, moja juu ya nyingine, bila gurudumu. Ukingali mbichi anaviringisha shingoni kipande cha kamba ya nyasi iliyosokotwa, na ile alama ya kamba inabaki milele. Anasugua kwa kokoto laini. Anaanika kivulini. Akishachoma, anagonga kwa kidole na kusikiliza. Chenye ufa hakilii, kinanung'unika.

Mama huyu ni bingwa, ila hajaribu kitu kipya, na sisi tunasema hana ubunifu. Tuhesabu. Akichoma vyungu 20 na sita vikapasuka, sita hivyo ni unga wa jioni. Akijaribu udongo mweupe, au umbo la ajabu, na vyote vikapasuka, watoto wanalala njaa. Kwa hiyo anatengeneza kile alichotengeneza mama yake, kwa sababu kile anakijua hasara yake. Huo si uvivu wa akili, ni hesabu sahihi. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 ambaye vyungu vyake leo vinagombewa na makumbusho makubwa, alikuwa tayari mwanafunzi wa sanaa Uingereza alipokwenda Abuja, Nigeria, mwaka 1974, kuketi na akina mama wafinyanzi, Ladi Kwali mmoja wao. Wanigeria wamemweka Ladi Kwali kwenye noti yao ya naira 20. Mfinyanzi kwenye pesa! Odundo aliwaheshimu walimu hao, akachukua ujuzi wao, akaenda nao mbali. Alichokuwa nacho zaidi yao ni shule iliyokuwa nyuma yake, mahali ambapo chungu kikipasuka mwalimu anakuuliza umejifunza nini.

Nimewaona watu wa miradi wakija Uvira kufundisha kazi za mikono. Siwataji, na wengine wana nia njema. Mafunzo wiki mbili, flana, cheti, picha ya pamoja. Mwisho wa mwaka wanauliza vyungu vingapi vimeuzwa. Sijawahi kumsikia mmoja akiuliza vingapi vimevunjwa kwa makusudi ya kujaribu, na kwenye bajeti zao sijauona mstari wa hasara. Ningependa kuuona. Akina mama wetu wana likelemba zao, kila wiki mmoja anapokea. Kundi la wafinyanzi lingeweza kutenga zamu moja kati ya kumi iwe ya yule anayejaribu: aichukue pesa hiyo, achome vyovyote, vikipasuka vyote asidaiwe.

Najua mtaniuliza habari ya moto. Umeme wa Ruzizi unakatika, na tanuri la kauri likizimika katikati ya safari umepoteza yote. Makaa nayo bei inapanda kila mvua inapoharibu barabara, na milima ya juu yetu imeshakatwa miti ya kutosha. Tumeona mito ilivyofurika ikatujia. Basi tusianze na digrii 1,300. Wachoma matofali wa bonde la Ruzizi wana tanuri zinazopata moto mkali kuliko uwanja wa mama, na joto la pembeni linapotea bure. Kuweka vyungu vichache vya majaribio kati ya matofali hakuongezi hata ukuni mmoja. Hilo ni jambo la makubaliano kati ya watu wawili wanaoonana sokoni kila siku.

Simu ziko wazi baada ya taarifa ya habari. Mfinyanzi, mchoma matofali, fundi wa kazi yoyote, akipiga asitueleze habari ya kile kilichouzwa vizuri. Atueleze kilichopasuka, kilipasukia wapi, shingoni, tumboni au kitakoni, na siku ile moto ulikuwa wa namna gani. Kuna mama mmoja wa Kiliba ameahidi kuwa karibu na redio yake, na katika mambo ya nyufa anajua kuliko mimi.